Nani Atashika Kitabu? Somo juu ya kuchagua nyumba ya kuunganisha uchunguzi wa malaria



Katika ukurasa huu mmezoea kusoma habari za kofia ya kazi, viatu vya chuma, vumbi la mgodi, maji safi na chandarua. Leo tutajifunza jambo ambalo halionekani katika kambi, lakini matunda yake yanafika mpaka kitandani mwa mtoto wako. Jambo lenyewe ni hili: nchi nyingi zikitaka kuchunguza malaria pamoja, ni nyumba gani itakayoshika kazi ya kuziunganisha?

Usiseme: «Hayo ni maneno ya waganga wakubwa.» Vidonge unavyopewa kwenye dispanseri havikuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu waliokubaliana kuvipima, katika nchi mbalimbali, kwa namna moja. Kama hawakukubaliana, wewe ungemeza dawa isiyofaa, na mtoto angekufa huku karatasi ikisema ametibiwa.

1. KWA NINI NCHI MOJA HAITOSHI

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu wapatao milioni 263 waliugua malaria, na 597.000 walikufa. Katika kila wafu 100 wa malaria, 95 walikuwa wa Afrika, na wengi wao ni watoto wasiotimiza miaka mitano. Nchi yetu ya Kongo ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa, nyuma ya Nijeria. Kwa hiyo tunaposema malaria, tunasema habari ya nyumba zetu.

Vidudu vya malaria havina pasipoti. Mbu hamwonyeshi askari wa mpaka karatasi yake. Wazee wanakumbuka klorokini: ilikuwa dawa ya kila nyumba. Halafu vidudu viliizoea, hapa na kwa majirani. Mwaka 2001 nchi yetu iliiacha, na mwaka 2005 ikachagua artesunati pamoja na amodiakini. Leo, huko Rwanda, Uganda na Tanzania, ambazo zote zinapakana nasi, wameona vidudu vinavyoanza kuchelewa kufa mbele ya dawa za jamaa ya artesunati. Jambo hili likijulikana mapema, tunapata wakati wa kujitayarisha. Kila nchi ikificha daftari lake, tutajua siku ya mazishi.

Zamani kampuni moja iliweza kujisaidia peke yake. Mwaka 1929, ng'ambo ya mpaka wetu, mgodi wa Roan Antelope kule Luanshya ulishindwa na malaria. Wafanyakazi walikufa, wengine walikimbia, na watu walisema kwamba nyoka wa mto Luanshya ndiye anayeua. Kampuni iliita Ross Institute ya London, chini ya Malcolm Watson. Walisafisha mto, walikausha madimbwi, walimwaga mafuta juu ya maji yaliyosimama, waliweka nyavu kwenye madirisha, waligawa kinini. Ugonjwa ulipungua sana, na nyoka hakusikika tena. Lakini kazi ile ilikuwa ya bonde moja tu. Kupima dawa mpya kwa ajili ya bara zima, bonde moja halitoshi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

2. FIKIRIA LIKELEMBA

Ninyi nyote mnajua likelemba. Watu kumi wanatoa fedha kila mwisho wa mwezi, na kila mmoja anapata zamu yake. Swali la kwanza ni lipi? Ni hili: nani atashika kitabu?

Mshika kitabu si mwenye fedha. Yeye anaandika nani ametoa, nani amepokea, nani anafuata. Anakumbusha siku. Anaita mkutano. Kama ni mwaminifu lakini hajui kuandika, hesabu inapotea. Kama anajua kuandika lakini si mwaminifu, fedha inapotea. Kama anaishi mbali mno, wenzake wanachoka kumfuata. Na kama hakuna siku ya kumbadilisha, baada ya miaka miwili ataanza kusema: «Likelemba yangu.»

Uchunguzi wa nchi nyingi ni vilevile. Nyumba inayopokea kazi ya kuunganisha ni mshika kitabu. Haipaswi kuwa mwenye mali.

3. MFANO WA KWELI: KITABU KILICHOTEMBEA

Mwezi wa Januari 1997, wataalamu wa Afrika, Ulaya na Marekani walikutana Dakar, Senegali. Hapo ulizaliwa Umoja wa Uchunguzi wa Malaria ambao kwa herufi fupi unaitwa MIM. Walitaka wachunguzi wa Afrika wasikae kila mmoja katika kona yake, bali wajuane, wafundishwe, na wapate vyombo.

Angalieni vizuri jinsi walivyogawa kazi. Fedha za kusaidia wachunguzi wa Afrika zilipitia mpango wa Shirika la Afya Duniani kule Geneva. Kazi ya kutunza vidudu na vitu vya kupimia, ili kila maabara itumie vilevile, ilipewa kituo cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1998. Maktaba ya Kitaifa ya Tiba ya Marekani ilisaidia vituo vya Afrika kupata intaneti. Ofisi ya kuunganisha ilibaki na kazi yake: kupeleka habari, kukutanisha watu, kutengeneza mikutano mikubwa. Kwa hiyo ufunguo wa sanduku na kalamu ya kitabu havikuwa katika mkono mmoja. Hata katika likelemba hilo ni jambo la akili.

Ofisi hiyo ilikaa wapi? Kwanza London, katika Wellcome Trust. Mwaka 1999 ilihamia Marekani, katika kituo cha Fogarty. Mwaka 2003 ilikwenda Uswidi, kwa Chuo Kikuu cha Stockholm na Karolinska Institutet. Mwaka 2006 ndipo ilipofika Afrika: ilipokewa Dar es Salaam, Tanzania, na AMANET, shirika la Waafrika lililokuwa likitayarisha vituo vya kupima chanjo za malaria. Baadaye ikahamia Yaoundé, Kameruni.

Hesabu miaka. Ugonjwa ni wetu, wafu ni wetu, lakini kitabu kilikaa miaka mingi kwenye nchi za baridi ambako malaria hupatikana kwa msafiri tu. Je, walituibia? Hapana. Wakati ule wao ndio waliokuwa na fedha, simu isiyokatika na makarani wa kutosha. Na tangu mwanzo walikubali kwamba ofisi itahama. Lakini tusijidanganye pia: anayeshika kitabu ndiye anayeandika orodha ya mambo ya mkutano. Anayeandika orodha huchagua neno la kwanza ni lipi na neno la mwisho ni lipi. Ndiyo sababu Waafrika walitaka ofisi ije kwao, na ndiyo sababu ilikuwa haki ije.

4. MAMBO SITA YA KUPIMA KABLA YA KUCHAGUA

Kwanza: ujuzi. Nyumba hiyo iwe na watu wanaojua malaria kwa kazi, si kwa barua tu: maabara, wapima damu, waganga waliolala macho karibu na mtoto anayetetemeka.

Pili: ukaribu na wagonjwa. Anayekaa penye ugonjwa anajua kwamba wakati wa mvua barabara hufungwa, na kwamba mama hawezi kurudi kliniki mara nne kwa wiki moja.

Tatu: mkono safi. Hesabu zikaguliwe na watu wa nje kila mwaka, na wote wazisome. Tena nyumba isisimame juu ya mfadhili mmoja, akiondoka, inaanguka.

Nne: njia. Umeme, simu, intaneti, ndege. Na hata visa: mkutano ambao mchunguzi wa Lubumbashi ananyimwa ruhusa ya kuingia si mkutano wake.

Tano: lugha. Sisi Wakongo tuliosoma kwa Kifaransa tunalijua jambo hili. Karatasi nyingi za uchunguzi zinaandikwa kwa Kiingereza, na anfirmié wa dispanseri hazisomi. Kameruni ina faida hapo, kwa maana lugha hizo mbili zote ni za serikali yake. Lakini lugha za serikali hazitoshi: mama lazima aelezwe kwa lugha anayotumia sokoni.

Sita: zamu. Siku ya kuanza na siku ya kumaliza ziandikwe tangu mwanzo. Na anayetoka amkabidhi anayeingia vitabu vyote, kama vile ekipi ya usiku inavyoikabidhi ekipi ya asubuhi mashini, pamoja na kasoro zake.

Hakuna nyumba inayopata alama kamili katika yote sita. Mwenye umeme mzuri yuko mbali. Aliye karibu anakatikiwa umeme. Basi chagua mwenye upungufu unaoweza kusaidiwa. Jenereta inanunuliwa. Uaminifu haununuliwi.

5. MATUNDA YAKE NI NINI?

Sasa sikilizeni mfano mmoja ambao umeokoa watoto hapa kwetu. Zamani mtoto mwenye malaria kali, aliyepoteza fahamu au anayeshikwa na degedege, alitiwa kinini kwa maji ya mshipa. Je, sindano ya artesunati ni bora kuliko kinini? Hospitali moja haikuweza kujibu. Watoto wake ni wachache mno. Tofauti inaweza kuwa bahati tu.

Kati ya mwaka 2005 na 2010, hospitali 11 za nchi 9 za Afrika zilichunguza swali hilo pamoja, kwa watoto 5.425. Kongo ilikuwamo, kwa njia ya Kingasani kule Kinshasa. Uchunguzi uliitwa AQUAMAT. Katika kila watoto 100 waliopewa kinini, karibu 11 walikufa. Katika kila 100 waliopewa artesunati, 8 au 9 walikufa. Mtu asiyejua hesabu atasema: «Tofauti ni ndogo.» Lakini fikiria watoto 1.000 wenye ugonjwa mkali: ni watoto zaidi ya 20 wanaorudi nyumbani. Ni darasa zima dogo la shule. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba watoto wenye malaria kali watibiwe kwa artesunati.

Na nani alishika kitabu cha AQUAMAT? Kituo cha Bangkok, Thailand, ambapo chuo cha Mahidol na chuo cha Oxford wanafanya kazi pamoja. Mbali sana! Lakini kituo hicho kilikwisha kufanya uchunguzi kama huo kwa wagonjwa wa Asia, kwa hiyo kilijua njia. Hapa ujuzi ulishinda ukaribu. Ndiyo maana nimesema tupime mambo sita, si moja. Mtu asichague kwa kiburi cha bendera, wala kwa kuona haya mbele ya mgeni.

6. WEWE UNAINGIA WAPI?

Unaingia mlangoni mwako. Siku moja wachunguzi wanaweza kufika kambini, wakiomba tone la damu ya kidole cha mtoto. Uwapokee kwa heshima, lakini uulize:

– Kazi hii inaongozwa na nyumba gani, na hapa Kongo nani anajibu kwa ajili yake?
– Damu ya mtoto wangu itapimwa wapi, na itatunzwa kwa muda gani?
– Nikikataa, mtoto atatibiwa vilevile? (Jibu lazima liwe ndiyo.)
– Kukitokea shida, nimwone nani, saa yoyote?
– Majibu mtayarudisha kwetu lini, kwa lugha gani?

Mchunguzi mwema hakasiriki kwa maswali hayo. Anayekasirika, mwombe arudi na mkubwa wake. Usitie sahihi karatasi usiyoelewa, hata kama wanatoa sabuni.

Na wakati wakubwa wanachagua nyumba zao, wewe tunza yako. Lala ndani ya chandarua kila usiku, hata wakati wa baridi. Mtoto akipata homa, afike dispanseri siku ileile apimwe damu. Maliza vidonge vya siku tatu, usimwachie jirani nusu. Na wewe mwenye homa, umwambie kapita kabla ya kushuka mgodini au kupanda mashini: kichwa kinachozunguka kinaua mwenye nacho pamoja na wenzake.

MASWALI YA KUJIPIMA (someni pamoja na watoto wa shule)

1. Kwa nini bonde moja halitoshi kupima dawa mpya?
2. Mshika kitabu na mwenye fedha wanatofautiana namna gani?
3. Ofisi ya MIM ilifika Afrika mwaka gani, na mji gani?
4. Kwa nini kituo cha Bangkok kilichaguliwa, ingawa ni mbali?
5. Taja maswali mawili utakayomwuliza mchunguzi atakayefika nyumbani kwako.

Anayeshindwa na swali asione haya. Apite dispanseri baada ya kazi, tutasoma pamoja.

Msaidizi wa tiba