Gari Kuvuta Tela Mlimani

Katika somo hili nataka kueleza jinsi gari kubwa la safari liwezavyo kuvuta tela vizuri zaidi mlimani. Mfano wetu ni njia niijuayo tangu utotoni, ile itokayo Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, kwenda Kawambwa. Mpaka Mbereshi njia hufuata bonde; kutoka hapo hupanda nyanda za juu, na kupita karibu na maporomoko ya Ntumbachushi. Ziwa liko karibu mita 920 juu ya usawa wa bahari, na Kawambwa karibu mita 1,320. Basi mwenye kupeleka samaki huko hana budi kupandisha mzigo wake mita 400.

Tuchukue gari la kilo 2,800 na tela la kilo 2,200 lililojaa samaki na barafu. (Dagaa wakavu, ambao kwetu huitwa chisense, ni wepesi, hawana taabu.) Jumla ni kilo 5,000. Zidisha kwa 9.8, kisha kwa 400, nawe utapata jouli 19,600,000. Kazi hiyo ikigeuzwa yote kuwa joto, yatosha kuchemsha lita 62 za maji, yaani madebe matatu. Mkumbuke madebe hayo, maana tutakutana nayo tena.

Wengi hudhani kwamba dawa ni injini yenye nguvu zaidi. Mimi naona yafaa kuanza na gia. Pale mlima upandapo mita 1 katika kila mita 12, uzito wetu hurudisha gari nyuma kwa nguvu ya nyutoni 4,000 na zaidi. Kwenda kilometa 60 kwa saa kwahitaji kilowati 68 za kushinda mlima peke yake. Kwenda kilometa 40 kwahitaji 45 tu. Mwaka 1915 Waingereza walivusha mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, juu ya milima ya Mitumba huko Katanga, ili kuzifikisha Ziwa Tanganyika. Zilivutwa na mashine mbili za mvuke, na pale mashine ziliposhindwa waliongezwa ng'ombe. Hawakwenda mbio, lakini walifika.

Fundi akibadilisha gia za difu kutoka 3.9 kuwa 4.3, mvuto kwenye magurudumu huongezeka kwa sehemu 10 katika 100. Kinyume chake, vijana wapendao matairi makubwa kwa ajili ya sura hujipunguzia mvuto. Tairi la sentimeta 84 mahali pa lile la 78 hula sehemu 7 katika 100. Wembamba wa hewa nao una neno katika mwinuko huu: injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kusukuma hewa ndani yake, hupoteza kama sehemu 10 katika 100 au zaidi kidogo.

Adui wa kupanda ni joto. Safisha rejeta, maana mbegu za majani na wadudu huziba njia ya hewa. Kama gari lajibadilishia gia lenyewe, lifungiwe kipoza mafuta ya gia. Kadhalika pakia tela kwa akili: sehemu 10 hadi 15 katika 100 za uzito wake zilale juu ya ndoano, yaani kilo 220 hadi 330 kwa tela letu. Zikipungua, tela huyumba. Zikizidi, gari huinua pua na usukani huwa mwepesi.

Sasa tugeuke, tushuke kuelekea ziwani na mzigo ule ule. Yale madebe matatu yarudi, na injini haiyahitaji tena. Dereva akikanyaga breki mfululizo, joto lote litaingia katika breki. Mafuta yake yakichemka, pedali huzama mpaka sakafuni na gari halisimami. Hapo ndipo watu hufa. Kwa hiyo tela zito namna hii liwe na breki zake lenyewe, mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, na gia ndogo itiwe kabla ya mteremko kuanza. Breki ikanyagwe kwa nguvu kidogo, kisha iachwe ipoe.

Ukifika Mbereshi simama, usogeze mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Likiwapo moja lenye joto kuliko wenzake, breki yake imenata, na haifai kuendelea mpaka ifunguliwe.