Presha Ambayo Mkanda wa Mkononi Hauioni

Mwenye kitambi akitweta kwenye ngazi, wenzake humtania apunguze chapati. Naye hucheka, maana juzi alipimwa presha akaambiwa si mbaya. Lakini mkanda ule hupima mishipa ya mwili. Mapafu yana presha yake.

Ya mkononi ikiwa 120 kwa 80, ya mapafuni huwa na wastani wa 14 hivi. Ikipita wastani wa 20 imepanda. Upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu mapafuni, una ukuta mwembamba. Ukilazimishwa kusukuma kwa nguvu kwa miaka, hutanuka na kuchoka.

Sindromu ya kimetaboliki huchangia hayo. Jina hilo hutumika mtu akikutwa na angalau mambo matatu kati ya matano: kiuno kipana, presha kuanzia 130 kwa 85, sukari ya asubuhi kabla ya kula kuanzia 5.6, trigliseridi nyingi, na uhaba wa ile kolesteroli nzuri.

Mara nyingi tatizo huanzia upande wa kushoto wa moyo. Presha na unene vikiukakamaza, hupokea damu kwa shida, na damu hupanga foleni hadi mapafuni. Mishipa yenyewe nayo, mwili usipoitikia insulini vizuri, hupungukiwa na naitriki oksaidi inayoilegeza, ikajikaza.

Halafu kuna kukoroma, ambako sisi hukufanyia mzaha. Pumzi ikikatika-katika usingizini, oksijeni hushuka. Hapo mishipa ya mapafu hufanya kinyume cha ile ya mwili: hujibana. Pafu likiugua sehemu moja tu, kujibana huko husaidia, kwani damu huelekezwa penye hewa. Mishipa ya mapafu yote ikijibana, usiku baada ya usiku, moyo ndio unaoumia.

Kwa hiyo ukihema kuliko zamani, miguu ikivimba au ukipata kizunguzungu unapojitahidi, mweleze daktari, pamoja na anayoyasikia mwenzako usiku. Uliza kuhusu eko, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Kikitia shaka, huenda mrija mwembamba ukapitishwa hadi moyoni kuthibitisha. Usimeze dawa za jirani: zinazotanua mishipa ya mapafu zinaweza kumdhuru ambaye chanzo chake ni moyo wa kushoto. Kupunguza uzito na chumvi, kudhibiti sukari na kutibu kukatika kwa pumzi ndiko kwenye faida kubwa.

Pumzi ikibana ghafla, kifua kikiuma au mguu mmoja ukiwa umevimba, huenda ni damu iliyoganda mapafuni. Hapo usingoje kliniki ya Jumatatu; nenda hospitali saa hiyo hiyo.