Kufundisha Picha ya Ubongo kwa Michembe

Somo la mwili wa binadamu mara nyingi huishia kwenye mchoro wa ubongo ubaoni. Mwanafunzi huunakili, akafunga daftari. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha karibu na Bariadi, mtoto mmoja aliniuliza jinsi madaktari wa Bugando, Mwanza, walivyouona ugonjwa kichwani mwa mama yake bila ya kumpasua. Mama huyo alikuwa na saratani ya titi. Sikuwa na jibu siku ile.

Mwalimu mwenzangu, chukua kiazi kitamu kibichi. Kitoboe mahali patatu kwa spoku ya baiskeli, shindilia mkaa uliosagwa, kisha ziba matundu kwa ganda. Mbele ya darasa kikate vipande vyembamba, kama michembe, uvipange kwa mfuatano. Doa lisiloonekana katika kipande cha kwanza litajitokeza katika cha tatu. Mashine ya CT hufanya hivyo pasipo kisu: mionzi ya eksirei hukizunguka kichwa, na kompyuta hukokotoa sura ya kila kipande. Mgonjwa wa kwanza alipimwa London mwaka 1971, kwa mtambo wa Godfrey Hounsfield.

Katika picha hiyo mfupa ni mweupe, maji ni meusi, ubongo ni kijivu. Saratani iliyochukuliwa na damu kutoka titini au pafuni huonekana mara nyingi kama madoa ya mviringo, aghalabu zaidi ya moja, karibu na mpaka wa tabaka la nje la ubongo na sehemu ya ndani, ambako mishipa ya damu hupungua upana. Pengine madoa hayo hufanana na ubongo wenyewe, hata mgonjwa adungwe dawa yenye iodini. Ndipo yang'aapo, au ukingo wake tu, kama pete. Weusi unaoyazunguka ni maji ya uvimbe, na huweza kuwa mpana kuliko doa lenyewe.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Pete kama hiyo huletwa pia na jipu, kifua kikuu cha ubongo, au lava wa tegu wa nguruwe. Daktari huilinganisha na historia ya mgonjwa na vipimo vingine.

Kabla ya kipindi, zungumza faraghani na mtoto mwenye mgonjwa nyumbani, wala usimfanye mfano. Yule wangu aliuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama mama amerogwa, na kama yeye ataambukizwa. Nilimjibu kwamba saratani haiambukizi, na kwamba chembe zake zilisafiri kwa damu kutoka titini.