SIKU KUMI ZA KUNGOJA PAMOJA

Somo: Matendo ya Mitume 1:12-26



Siku ya Kupaa kwa Bwana ni siku ya 40 tangu Pasaka. Pentekote ni siku ya 50. Katikati iko siku kumi, na wengi wetu tunazipita bila kuziangalia. Tuulize basi: wanafunzi wa Yesu walifanya nini katika zile siku, na juu ya nini tunaambiwa ile habari?

1. Walikuwa watu gani?

Luka anaandika majina ya mitume 11. Tuyasome polepole. Petro yuko, aliyemkana Bwana mara tatu. Toma yuko, aliyekataa kuamini mpaka aone alama za misumari. Matayo yuko, aliyekuwa mtoza kodi, kazi ambayo Wayahudi waliichukia. Yakobo na Yoane wako, walioomba viti vya heshima, na wenzao kumi wakawakasirikia (Marko 10:35-41). Tena wako wanawake, na Maria mama ya Yesu, na ndugu zake Yesu, ambao zamani hawakumwamini (Yoane 7:5). Hesabu ya wote ilikuwa karibu watu 120.

Tunaona kama wengi wao walikuwa na sababu ya kukaa mbali na wenzao. Lakini walipanda orofani pamoja.

2. Walisali namna gani?

Wao hawakujua kama watangoja siku kumi. Bwana aliwaambia tu kama si siku nyingi. Siku ya tatu ikapita, ya saba ikapita, moto haujashuka, na wao hawakutawanyika.

Tena hawakuficha mambo. Petro alisimama, akasema wazi habari ya Yuda, kisha wakamchagua Matiya kwa kura. Basi kusali kwa moyo mmoja si kunyamaza juu ya jambo lililoharibika. Ni kulitengeneza pamoja mbele ya Mungu.

Hatusemi kama sala yao ilimnunua Roho Mtakatifu, hapana. Yeye ni zawadi. Lakini zawadi ile iliwakuta pahali pamoja (Matendo 2:1).

3. Na sisi?

Mwaka 2016 Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, na wa York, John Sentamu, mzaliwa wa Uganda, waliwaita Wakristo wasali katika siku za kungoja Pentekote, na mwito ule ukafika inchi nyingi. Hapa kwetu, tangu mwaka 1970, jumuiya nyingi za Kiprotestanti ziko chini ya jina moja, Kanisa la Kristo katika Kongo. Lakini jina moja katika karatasi halitupandishi orofani. Jioni, hawa wanasali chini ya mwembe na watu wa luga yao, wale nyuma ya nyumba ya kulia na watu wa jumuiya yao. Na sisi wafinalisti, mtihani wa Serikali ukikaribia, kila mmoja anaomba kwa ajili ya jina lake. Kuomba hivyo si vibaya. Lakini kule orofani waliomba ahadi moja ya wote.

Kwa hiyo tunatoa shauri hili: tangu Kupaa mpaka Pentekote, kila jioni mbele ya saa ya masomo, dakika 15, wote pahali pamoja, wavulana na wasichana. Kila nyumba ya kulala ipate jioni yake ya kuongoza. Na mwenye neno na mwenzake aende kwanza kupatana naye (Matayo 5:23-24), hata kama ni neno la ndoo ya maji au la deni. Tukishindwa kupatana juu ya ndoo, tutaomba moto wa namna gani?

Maulizo

1. Ni nani katika ile orofa anayefanana na wewe?
2. Ni nani katika shule yetu ambaye hujasali naye hata mara moja? Juu ya nini?
3. Kama siku ya kumi inapita na hatujaona kitu, tutafanya nini siku ya 11?