Dondoo muhimu: Shabaha ya mishale idumu

Bengamisa, kwenye barabara ya Kisangani kwenda Buta, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na unyevu huozesha shabaha ya katoni kabla mishale haijaimaliza. Bora gunia la plastiki la mchele lililoshindiliwa vitambaa chakavu: likilegea katikati, unalifungua na kulijaza upya. Ondoa vifungo na zipu, huharibu ncha. Lining'inize chini ya paa. Hamisha alama ya kulengea mara kwa mara, na ncha pana za kuwindia usizitumie kabisa, hukata gunia.

Ukiagiza shabaha ya kiwandani kupitia muuzaji wa Kisangani, ijaribu kwa mishale yako kabla ya kumaliza malipo, na dai risiti iliyoandikwa muda wa dhamana. Muuzaji akikataa kuuandika, usinunue kwake.