Mafunzo Niliyopata kwa "Eusse" na "Fusse"

Kifaransa kina umbo la kitenzi ambalo wanafunzi wengi huliruka na walimu wengi huwaacha waliruke: subjonctif plus-que-parfait. Ndilo linalozaa maneno kama que j'eusse parlé na qu'elle fût venue. Mimi ni mwongoza watalii Diani, na jioni huwasomesha Kifaransa vijana wa Ukunda na Msambweni wanaotafuta kazi hotelini au kwenye mashua za Wasini. Umbo hili nilijifunza kwa hiari, kwa sababu nilitaka kusoma riwaya za Kifaransa bila kukwama. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Kazi yake haiko ufukweni

"Mwalimu, haya maneno yasemwa na nani?" aliniuliza kijana mmoja, na swali lake lilikuwa la haki. Mgeni Mfaransa aliyeachwa na mashua ya Kisite atasema si j'avais su. Hatasema si j'eusse su. Kwenye mazungumzo ya leo umbo hili limekwisha. Hata wizara ya elimu ya Ufaransa, kwa waraka wa tarehe 28 Desemba 1976, iliruhusu watahiniwa watumie subjonctif passé mahali ambapo kanuni kali ilidai plus-que-parfait. Kwa hiyo anayejiandaa kuwatembeza wageni Kaya Kinondo au Shimba Hills asianzie hapa. Azishike kwanza avais, serais na aie, ndizo zitakazompa riziki.

2. Ni jepesi kuliko linavyosifiwa

Linalotesa kweli ni subjonctif imparfait, maana humo kila kitenzi huja na sura yake: vinsse, susse, crusse. Plus-que-parfait inataka maumbo kumi na mawili tu. Kwa avoir (kuwa na) ni eusse, eusses, eût, eussions, eussiez, eussent. Kwa être (kuwa) ni fusse, fusses, fût, fussions, fussiez, fussent. Baada ya hapo unaweka participe passé ambayo mwanafunzi ameshaizoea tangu siku za passé composé: parlé, su, venu. Mwenye kuyaweka hayo kumi na mawili kichwani anaweza kuandika kitenzi chochote cha Kifaransa katika wakati huu.

Vitenzi vya kwenda na kuja, kuzaliwa na kufa, huchukua être, na hapo upatanisho huingia: qu'il fût venu, qu'elle fût venue, qu'elles fussent venues. Upatanisho wenyewe si mgeni kwetu, sisi tunaosema kitabu kimefika na vitabu vimefika. Ugumu uko kwenye jinsia. "Amekuja" yetu haiulizi kama ni mwanamume au mwanamke, ndiyo maana herufi e ya mwisho huwaponyoka wanafunzi wangu mara kwa mara.

3. Alama ndogo juu ya u ina uzito

Eut na eût hutamkwa sawasawa. Kwenye karatasi, eut parlé ni passé antérieur, habari ya jambo lililotokea. Eût parlé ni jambo la kudhaniwa, la kutiliwa shaka au la kujutiwa. Sikio halitakusaidia hapo, ni jicho tu.

4. Tayari tunalo la kwetu: -ngali-

Hili ndilo funzo lililonifurahisha kuliko yote. Kifaransa cha leo husema s'il avait su, il serait venu, na maumbo mawili tofauti yamekaa katika sentensi moja. Kifaransa cha kitabuni husema s'il eût su, il fût venu: umbo lile lile pande zote mbili. Sasa isome kwa Kiswahili: angalijua, angalikuja. Nasi tunarudia kiambishi kile kile pande zote mbili, na mwalimu wa Kiswahili hukata alama kwa anayechanganya "angejua, angalikuja".

Maana nayo inalingana. -Nge- huacha mlango wazi: ningepata nauli, ningevuka Likoni, na huenda nikaipata bado. -Ngali- huufunga, kwani wakati umeshapita. Nilipoanza kuwaeleza vijana kwa njia hii, waliacha kuliogopa umbo la Kifaransa, kwa kuwa maana yake walishakuwa nayo. Kilichobaki kilikuwa tahajia.

Wengi wetu hapa Kwale tunakua na Kidigo nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Kifaransa kinakuja kuwa cha nne, nacho mara nyingi hufundishwa kupitia Kiingereza. Naona hasara kubwa hapo. Katika jambo hili Kiswahili kinafika haraka zaidi.

5. Lakini -ngali- haifiki kila mahali

Umbo hili la Kifaransa lina kazi ya pili. Hufuata majuto, shaka, na maneno kama bien que: bien qu'il fût parti. Hapo hakuna sharti, na ukitia -ngali- umepotosha maana. Kiswahili husema tu: ingawa alikuwa ameshaondoka.

6. Faida yake iko vitabuni

Waandishi Wafaransa Proust na Flaubert wamelitumia sana. Lakini ni urithi wa Waafrika pia. Léopold Sédar Senghor wa Senegal alifaulu mtihani wa agrégation ya sarufi mwaka 1935, na mwaka 1983 akachaguliwa kuingia Académie française, Mwafrika wa kwanza kufika huko. Msenegali mwenzake Cheikh Hamidou Kane alichapisha riwaya ya L'Aventure ambiguë mwaka 1961, na msomaji asiyetambua eût na fût atajikwaa ndani yake.

Kifaransa na Kiswahili vimeshachunguzana pwani yetu zamani. Kasisi Mfaransa Charles Sacleux alichapisha sarufi ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909, kisha kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa kati ya 1939 na 1941.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba -ngali- yetu nayo inatoweka midomoni. Mitaani -nge- imeshika kazi zote, hata za mambo yaliyokwisha. Walimu wa Kiswahili wa Kwale, nawaomba: msiiache -ngali- ibaki swali la mtihani. Itumieni mnapozungumza na watoto, nao waisikie kila siku.