Dondoo muhimu: Seva ya hifadhidata ikibadilika tabia baada ya kupandishwa toleo

Seva ikiwaka bila kosa, fundi hudhani kazi imekwisha. Kumbe kero huanza asubuhi, watumiaji wanapoingia.

PostgreSQL ikizubaa, takwimu ndizo za kukaguliwa kwanza. Hadi toleo la 17, pg_upgrade huhamisha data lakini huacha nyuma takwimu ambazo seva huzitegemea kuchagua njia ya kutafuta. Ombi lililotumia faharasa jana, leo linapekua jedwali zima. Amri ya ANALYZE huzijenga upya. Toleo la 18, la mwaka 2025, huhamisha nyingi, si zote.

MySQL 8.0, iliyotoka 2018, ina vituko vyake. GROUP BY iliacha kupanga matokeo yenyewe, hivyo ripoti iliyozoeleka kutoka kwa mpangilio wa alfabeti huja shaghalabaghala. Dawa ni kuandika ORDER BY, jambo lililopaswa kufanywa tangu mwanzo.

Balaa kubwa zaidi hutoka nje ya hifadhidata. Mwaka huohuo wa 2018, glibc 2.28, maktaba ya mfumo wa Linux, ilibadilisha kanuni za kupanga herufi. Faharasa za maandishi za PostgreSQL zilizojengwa kabla yake zinaweza kushindwa kuona rekodi iliyopo, au kuruhusu mbili palipotakiwa moja, na hakuna kosa linaloonekana. REINDEX hutibu, ila rekodi pacha zilizokwisha kuingia lazima ziondolewe kwanza. Zikibaki, faharasa ya kipekee itagoma kujengwa.

Data ya toleo la zamani isifutwe mpaka ripoti za mwisho wa mwezi zitoke sawasawa.